Kamrani, kisiwa alichokitaja babu: kwanini karantini na ngome vilikaa sehemu moja?

Mrangi_wa_Kondoa

Wakuu heshima kwenu. Mimi nipo Dodoma mjini ila kwetu Kondoa, na hili swali ninalo tangu nipo darasa la nne, leo nimeona nilitoe hapa maana najua humu kuna walimu, kuna watu wa afya na wazee waliotembea.

Babu mzaa baba alienda Makka kabla ya vita ya Hitler. Alitoka Kondoa mpaka Dodoma kwa miguu, vitu kabeba punda, Dodoma akapanda treni mpaka Dar, Dar akapanda meli mpaka Aden, pale Aden wakahamishiwa meli nyingine imejaa mahujaji watupu. Sasa alipokua anatusimulia, Makka yenyewe alikua haielezei sana, alikua anasema huko mtaenda wenyewe inshallah mtaona. Ila kuna sehemu moja akifika lazima aweke kikombe chini kwanza. Aliita Kamrani. Kisiwa cha jua kali, miti ya kuhesabu. Anasema walishushwa wote kwa mashua, wanawake upande wao wanaume upande wao, wakavuliwa nguo wakapewa kila mtu shuka, nguo zikafungwa marobota zikaingizwa kwenye chuma kikubwa kama kichwa cha treni zikapikwa na mvuke, wao wakaogeshwa maji ya dawa inanuka puani siku nzima. Baada ya hapo mabandani, kila meli na uzio wake, kuchanganyika na wa meli nyingine hakuna. Na akasema aliona jengo la mawe la zamani sana wakaambiwa ngome ya Waturuki. Mpaka anafariki alikua anasema "nilifungwa kabla sijafika kwa Mola wangu", na akisema hivyo mtu hacheki.

Kingine alikua anasema maji ya Kamrani hayana ladha yoyote, ni kama unakunywa hewa. Sisi watoto tulikua tunabishana maji yasiyo na ladha yakoje, maana pale Kondoa chemchem yetu kila mtu anajua utamu wake.

Nimekua mtu mzima nimetafuta kwenye ramani kisiwa kipo kweli. Ninachotaka kuelewa ni kwanini karantini na ngome vikae kisiwa kimoja, ilikua ni jela au hospitali? Na Waturuki walifikaje kumwogesha babu yangu mwaka wa thelathini na kitu wakati najua dola yao ilishakufa? Naomba mwenye kujua anisaidie, sio kwa ubishi, ni mzee wangu nataka nimwelewe.

Mwl_Chilonwa

Ndugu Mrangi, babu yako hakukosea jina hata kidogo. Ni Kamaran, wapo wanaotamka Qamaran, na kwa Kiarabu ni miezi miwili. Wanasimulia kwamba ukisimama pale usiku unaweza kuuona mwezi mara mbili majini, upande huu na upande ule wa kisiwa. Kipo Bahari ya Shamu, ubavuni mwa Yemen, jirani na Salif, kaskazini ya Hodeidah. Nimefundisha historia miaka mingi na hiki kisiwa sijawahi kukikuta kwenye silabasi, nacho nakiona kinafaa kuliko mambo mengi tunayowakaririsha watoto.

Anza na ngome, maana ngome imeitangulia karantini kwa miaka zaidi ya mia tatu na hamsini. Mwaka 1513 Mreno Albuquerque aliposhindwa kuiteka Aden alienda kutia nanga Kamaran na watu wake wakafa wengi kwa maradhi. Mwaka 1515 Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati huo, wakapeleka manowari, mmoja wa makamanda wao akiwa Mturuki aitwaye Selman Reis, wakaanza kujenga ngome palepale ili Mreno asirudi. Akarudi. 1517 Mreno mwingine, Lopo Soares, aliikuta ile ngome akaibomoa, na yeye watu wake wakafa kwa njaa na kiu. Mwaka huohuo 1517 Sultani Selim I akaiangusha Misri, na Bahari ya Shamu taratibu ikawa mikononi mwa Waturuki wa Uthmaniya. Kwa hiyo ona, kisiwa hicho kilishazika wageni wengi kwa maradhi kabla mtu yeyote hajawaza kukiweka karantini.

Kwanini wote waking'ang'anie? Kati ya kisiwa na bara kuna maji yaliyotulia, jahazi au manowari inatia nanga bila kupigwa na upepo, na vyombo vilivyoingia Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, kwenda Jeddah vinapita pande zake. Mwenye mizinga anatafuta mahali ambapo chombo hakiwezi kukwepa. Mganga mwenye daftari la karantini naye anatafuta mahali hapohapo. Ndiyo maana vinakutana, na sio Kamaran peke yake. Sawakin kule Sudan, ule mji wa nyumba za matumbawe, nao una kisiwa chake cha karantini ndani ya bandari, na mwaka 1885 Waingereza wakipigana na watu wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi kule Sudan, walikifanya hichohicho kisiwa cha karantini kuwa kituo cha jeshi wakaanzia hapo kutandika reli ya kwenda Berber, reli ambayo haikufika.

Sasa karantini. Mwaka 1865 kipindupindu kiliingia hija. Inakadiriwa mahujaji walikuwa kama 90,000 na waliokufa kama 15,000. Waliobaki hai wakarudi kwao kwa meli za moshi na ugonjwa ukapanda nao, ukapita Suez, Misri, ukaenea Ulaya na mwaka uliofuata uko New York. Zamani jangwa lilikuwa karantini yenyewe, mgonjwa anafia njiani na ngamia, lakini meli ya moshi inamfikisha mgonjwa akiwa bado anatembea. Ulaya ikaingiwa hofu kubwa. 1866 wakakutana Istanbul, mataifa na madaktari wao, wakakubaliana mahujaji wanaotoka India na Java wasimamishwe kabla ya kufika Jeddah. 1869 Mfereji wa Suez ukafunguliwa hofu ikazidi. Waturuki wakafungua kituo cha Kamaran mwaka 1882.

Hapa ndipo pa kuangalia vizuri. Pwani ile ilikuwa mpaka. Waingereza walikuwa Aden tangu 1839 na kisiwa cha Perim mlangoni kabisa tangu 1857. Waturuki walirudi Hodeidah 1849 na Sana'a wakaichukua tena 1872. Walikuwa na ngome Sheikh Said inayotazamana na Perim, mkono kwa mkono, na Novemba 1914 vita ilipoanza Waingereza walianzia kuipiga hiyo. Ukisimamisha bendera ya karantini Kamaran umesema mlango huu una mwenyewe. Mturuki alijua asipomkagua yeye hujaji, Mzungu atasema basi nitamkagua mimi, na akishashuka na madaktari atashuka na askari. Tatizo ni kwamba baraza la karantini lililokaa Istanbul, lililoanzishwa 1838 wakati wa Sultani Mahmud II, lilikuwa na wajumbe wa mataifa ya kigeni ndani yake. Bendera ya Sultani, lakini mezani wamekaa na mabalozi.

Na swali lako la mwisho, waliomwogesha babu hawakuwa Waturuki. Juni 1915 Waingereza walikiteka kisiwa kutokea Aden, wakakiendesha wao, na Waholanzi wakaingia ubia kwa sababu ya mahujaji wao wa Java, makubaliano rasmi yakawa 1926. Mturuki aliacha majengo na utaratibu, Mwingereza akakaa kwenye kiti. Babu aliona ngome ya mmoja akaogeshwa na mwingine.

Nesi_Mpwapwa

Mwalimu asante sana, umeniweka macho mpaka saa sita usiku. Mimi naongeza upande wangu.

Hayo maji yasiyo na ladha kaka Mrangi, babu alikua anasema kweli tupu. Kisiwa kile maji yake ya visima ni ya chumvi, mahujaji wa mwanzo waliyalalamikia sana, baadae wakaweka mtambo unaochemsha maji ya bahari, mvuke unapozwa unadondoka maji. Maji ya namna hiyo hayana chumvi wala madini, ndo mana mdomo hausikii kitu. Sisi wa Dodoma tuliozoea maji yenye magadi tungeona kama hatujanywa. Na kwa maoni yangu mimi kama nesi, kama kuna kitu pale Kamrani kilichookoa watu na kipindupindu ni hayo maji kuliko lile chuma la mvuke. Mvuke unaua vijidudu kwenye nguo ni kweli, na nguo iliyochafuliwa na mgonjwa wa kipindupindu ni hatari, na chawa wanakufa pia, sio kazi bure. Ila kipindupindu njia yake kuu ni mdomo, maji na chakula. Wakati kituo kinafunguliwa 1882 mdudu mwenyewe alikua bado hajathibitishwa, daktari Mjerumani Robert Koch alienda Misri 1883 na India akamalizia 1884. Kwa hiyo walianza kukaanga nguo na kufukiza moshi bila kumjua adui, kila harufu mbaya ilihesabiwa ugonjwa.

Sasa kuna kitu nataka watu wote humu wakijue mana mimi nilipokisoma nilisimama. Kule Sinai kuna kibandari kidogo kinaitwa Tor, na chenyewe kilikua karantini, cha mahujaji wanaorudi kwenda Misri na kaskazini. Mwaka 1905 daktari Gotschlich alichukua vijidudu kutoka kwenye maiti za mahujaji palepale Tor, vikawa vya kipindupindu lakini vya aina ya peke yake, vikapewa jina la hapo, El Tor. Miaka mingi vikaonekana sio vya kutisha. Mwaka 1961 aina hiyo ikalipuka Indonesia, 1970 ikaingia Afrika, na ndo iliyotushika Tanzania kuanzia miaka ya 1970 mpaka leo. Yani hicho kipindupindu tunachopambana nacho kila mvua zikija, tunavyozunguka na vidonge vya klorini nyumba kwa nyumba na kumwambia mama chemsha maji, kina jina la karantini ya mahujaji. Nimewahi kushika mkono wa mtoto ngozi imesinyaa macho yameingia ndani, dripu ya kwanza ikaingia ya pili ikaingia akafumbua macho akaomba uji. Kwa hiyo nikisoma habari za Kamrani na Tor mimi sioni historia ya mbali.

Na hata huko 1869 na 1870 kilifika kwetu. Kilipita kutoka pande za Bahari ya Shamu kikashuka bara, umasaini, kikatokea Pangani kikavuka Unguja kikaua maelfu, daktari mmoja wa Unguja James Christie ndo aliyefuatilia njia yake misafara kwa misafara. Wazungu wote macho yako baharini Jeddah na Suez, ugonjwa unatembea kwa miguu huku nyuma na wapagazi. Ngome ya baharini haizuii kitu kilichopita bara.

Kuhusu kuvuliwa nguo. Inawezekana kuna ulazima wa kiafya, sikatai, ila kumvua mzee anayekwenda kwa Mola wake bila kumweleza kwanini, hilo ni kosa na lilikua kosa hata wakati huo. Kazini kwangu mgonjwa akieleweshwa kwanza anakubali hata kinachouma.

Mfugaji_Kongwa

Nimesoma yote. Sisi huku neno karantini tunalijua kabla ya korona, kwetu karantini ni ya ng'ombe. Ikitangazwa homa ya mapafu mnada unafungwa, kibali cha kusafirisha hupati, na mifugo yako inakaa palepale ilipo hata kama majani yameisha. Hakuna mfugaji anaepinga kuzuia ugonjwa, ugonjwa ukiingia zizini unamaliza mali ya ukoo mzima, wazee wetu walisimuliwa na wazee wao sotoka ya enzi za Mjerumani jinsi ng'ombe walivyolala chini mbuga nzima. Tunachopinga ni kufungiwa bila maji na malisho. Sasa mwalimu nakuuliza, hao mahujaji walikua wanalishwa na nani pale kisiwani?

Halafu mmeongelea ngome na karantini kukaa pamoja mimi naona neno letu lishajibu. Boma. Zizi la ng'ombe tunaita boma, na ngome ya Mjerumani pale Kilimatinde au Mpwapwa watu waliita boma. Ukuta ni uleule.

Mwl_Chilonwa

Mfugaji umeuliza swali ambalo mahujaji wenyewe waliliuliza kwa hasira. Walijilisha. Hujaji alilipa ada ya karantini, na chakula na kuni ananunua palepale kisiwani kwa bei ya aliyeshikilia biashara, na kutoka kwenda kununua kwingine haruhusiwi. Siku ni tano, kumi, na meli ikiwa na mgonjwa siku zinaongezwa. Maskini wa Kihindi au wa Kijava aliyeweka akiba miaka ishirini anaona hela ya kula Makka inaishia kwenye kisiwa cha mchanga. Nasi tunakumbuka Machi 2020 waliotua kutoka nje waliwekwa siku 14 kwa gharama zao, kwa hiyo hili jambo halijazeeka.

Na chuki ilitoka nje siku moja. Mei 1895 mabalozi wa Ulaya walipigwa risasi nje ya ukuta wa Jeddah, makamu wa balozi wa Uingereza, daktari Mwislamu kutoka India aitwaye Abdur Razzack, akauawa. Kipindi hichohicho kule Makka watu wakavunja mashine za mvuke, maana mitaani ilishaenea kwamba zile mashine na madaktari ndio wanaoleta kifo. Dada Nesi amesema vizuri, walipelekewa chuma kabla hawajapelekewa maneno.

Hapo kwenye boma nakubaliana na wewe nusu. Boma la ng'ombe mwenye boma analala humohumo na mifugo yake. Aliyeijenga Kamaran hakulala kwenye yale mabanda.

Bint_Mtwapa

Samahani naingia kwa pembeni, mimi ni wa pwani nimehamia Dodoma kwa kazi. Mnaposema mpaka wa Waturuki mnaishia Yemen, mjue kwetu walifika. Miaka ya 1580 nahodha wao Mir Ali Bey alishuka na meli zake kutoka Bahari ya Shamu, miji mingi ya Waswahili ikampokea kwa sababu ya kumchoka Mreno. Akarudi tena 1588 kuamkia 1589, akajenga ngome pale Mombasa kwenye mlango wa bandari, mizinga inatazama baharini. Mreno akaja na manowari kutoka Goa, kituo chake kule India, na upande wa bara walikua wamefika Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, wamezingira kivuko, Mombasa ikabanwa katikati. Mir Ali Bey akakamatwa akapelekwa Ureno. Baada ya hapo ndipo Mreno akaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593. Kwa hiyo ile ngome kubwa watu wanapigia picha, hofu ya Mturuki imo kwenye mawe yake.

Na karantini yetu ya visiwani ni Changuu, mbele ya Unguja. Mwaka 1893 ilijengwa kuwa gereza, wafungwa hawakuletwa, ikawa karantini ya wasafiri wa meli. Mrangi babu yako angeiona hiyo angesema "hii naijua".

Mrangi_wa_Kondoa

Wakuu mmenifanyia jambo kubwa kuliko mnavyojua. Mwalimu, Dada Nesi, mzee wangu wa Kongwa, dada wa Mtwapa, nimewasoma mara mbili mbili na jana usiku nikampigia shangazi Kondoa, mwaka huu ana themanini na mbili, nikamsomea majibu yenu moja moja kwenye simu.

Kwenye habari ya maji alinyamaza mda mrefu nikadhani simu imekatika. Kumbe babu aliporudi alimletea mama yao chupa ya maji ya zamzam na chupa nyingine ndogo, ile ndogo bibi akiuliza ni nini anamwambia ni maji ya kule nilikofungwa, onja. Shangazi anasema bibi alionja akasema mume wangu mbona hii chupa haina kitu. Nyumba nzima ilicheka siku ile na babu mwenyewe alicheka. Mimi hii sikuwahi kuisikia, sisi wajukuu tulibakishiwa hasira tu.

Halafu shangazi ameniambia lile sanduku la bati la babu bado lipo, lipo darini kwa baba mdogo, ndani kuna kanzu na karatasi zimefungwa kwa kitambaa, na mojawapo ina muhuri wa duara na maandishi ambayo sio ya Kiarabu. Ijumaa natoka kazini mapema nawahi basi la Kondoa. Nikiifungua nitaipiga picha niweke hapa, mwalimu unisaidie kusoma.